Miaka Sita Bila Sahihi: Kwa Kokoto Wetu

Mwaka umezunguka tangu ututoke, nasi bado tunakumbuka ulivyonyimwa. Hukuwa na ofisi yenye mlango. Hukuwa na buti za saizi yako. Zilizokuwepo zilikuwa za wanaume, ukazijaza soksi. Jina lako halikuwapo kwenye ubao wa mradi. Hukuwa na muhuri, hukuwa na leseni. Shahada ulikuwa nayo, na kazi ulikuwa nayo mpaka ya kugawa. Ulichokosa ni sahihi ya mtu mmoja.

Mama yako ndiye aliyekubatiza Kokoto, maana kila alipofua suruali zako za kazini alizikuta kokoto mifukoni. Ulikuwa unamletea baba yako. "Baba, shika hii. Ina kona, inashikana na saruji. Hii ya mviringo ni mrembo tu, kazi haijui." Mzee alizipanga dirishani kama mtu aliyepewa lulu. Yeye aliisaka elimu katika shule ya usiku akiwa na watoto tayari, na kila ulichokijua alitaka naye akijue. Ulimfundisha kusoma michoro bila kumcheka, hata siku aliyoishika juu chini.

Bomba la jirani likipasuka, uliacha chakula mezani ukaenda. Kila nyumba uliyoingia, salamu yako ya pili ilikuwa, "Maji yanatoka?"

Wanaotusikia nao wafahamu. Mhitimu wa uhandisi hufanya kazi miaka minne chini ya mhandisi mwenye leseni. Huandika taarifa za aliyoyafanya, na msimamizi huzithibitisha kwa sahihi yake. Ndipo Bodi ya Wahandisi humwita, ikamhoji, na ikiridhika ikampa leseni. Baba yako hana ugomvi na sheria hiyo. Tangi la maji likianguka haliulizi nani alikuwa na haraka. Ugomvi wake ni na mtu aliyekabidhiwa kalamu akaigeuza kufuli.

Mkuu wako wa kazi alipokea taarifa zako kwa tabasamu na kuzirudisha tupu, bila sahihi. Michoro yako aliipiga muhuri wake siku hiyohiyo. Ulipomuuliza, jibu lilikuwa moja: "Binti, bado hujaiva."

Ukaja kutusimulia mezani. "Eti sijaiva! Mwaka wa sita huu. Ningekuwa ndizi, si ningekuwa nimeshaoza?"

Tukacheka, Mungu atusamehe. Mama yako akasema, "Mwombe kwa adabu, mwanangu."

"Mama, nimemwomba mpaka adabu imeniishia."

"Basi hama."

"Nikihama bila sahihi, naanza sifuri. Miaka yote hii itakuwa kama sikuifanya."

Homa ilikushika wiki ya kumwaga zege la tangi la pili, lile la mlimani. Tulikusihi uende hospitali. Ukasema, "Nikikosa siku ya zege, atapata sababu nyingine." Zege likamwagwa, likashika vizuri. Wewe ulifika hospitali umechelewa.

Kisha tukayasikia ya kusikia. Makaburini, mkuu wako aliomba kipaza sauti. Alivaa miwani myeusi, akasema mbele ya umati: "Nimempoteza mhandisi mwenzangu. Tangi la mlimani alilibuni yeye, akalisimamia yeye. Mimi nilipiga muhuri tu."

Watu wakaguna kwa huzuni. Shangazi yako akaitikia amina. Baba yako alibaki kwenye kiti chake, mikono magotini, akisikiliza miaka sita ikithibitishwa kwa mdomo, udongo ukiwa umeshakufunika.

Alipopata nguvu, alipiga pasi koti lake akaenda ofisini kwa mkuu wako.

"Yale uliyoyasema makaburini, yaandike uyatie sahihi."

"Mzee wangu, marehemu leseni ya nini?"

"Ya nini, hilo halikuhusu. Ni haki yake."

Mkuu yule akavua miwani, akaifuta taratibu. "Mzee, nenda ukapumzike. Mdogo wake bado yuko hapa kwangu. Tusimharibie."

Ndiyo, Kokoto. Mdogo wako aliyekufuata chuoni alikufuata na kazini. Taarifa zake nazo zinarudi tupu, na yeye pia ameambiwa hajaiva.

Baba yako alipotaka kuiandikia Bodi, nyumba iligawanyika. Mjomba wako alikuja mbio. "Shemeji, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Huyu marehemu aliubusu miaka sita. Mkono huo ulimpa nini?"

"Na huyu aliyebaki unamtafutia nini? Miaka yake mitatu itakwenda na maji!"

Mdogo wako alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la saruji nyweleni.

"Mjomba, wa kuanza sifuri ni mimi, si wewe. Baba, andika."

Akaandika. Hakukuombea leseni, anajua haitolewi kaburini. Ameiomba Bodi izisome taarifa zako na za mdogo wako, zilinganishwe na michoro, na vijana walio chini ya mtu yule wapewe msimamizi mwingine. Ameyaweka maneno ya makaburini kama yalivyotamkwa, na chini yake wametia sahihi waliokuwepo wakayasikia.

Bila leseni, sheria hairuhusu tukutaje mhandisi hata katika tangazo hili la kumbukumbu. Hatukutaji hivyo. Tangi la mlimani linajua, na mtaa mzima unakunywa.

Wanaokukumbuka ndio hao waliotia sahihi: baba yako; mdogo wako; shangazi yako wa amina; fundi nondo wako, aliyeacha kazi asubuhi moja aje asaini; na mjomba wako, wa mwisho, huku akinung'unika kwamba familia hii haiambiliki. Maadamu tunapumua, Kokoto, hutatoka mioyoni mwetu.

Mama yako alikuwa hajasaini. Juzi alichukua kalamu, akaandika jina lake polepole chini ya yote. Akaikunja barua, akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika. Baba yako akanyoosha mkono aipokee.

"Hii naipeleka mimi," mama yako akasema, akajitanda khanga, akaenda nayo posta.