Miparachichi Yenye Chokaa

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, wajukuu wanakusalimu.

Nisizunguke, mama. Ile miparachichi mitatu ya nyuma ikatwe. Mizizi imepasua sakafu ya bafu, matunda yanaoza chini, inzi tele. Na hapo ndipo nitakapojenga vyumba vyangu viwili. Fundi wa msumeno nimeshampata.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiuma, ila hasira imenisahaulisha.

Umeshampata! Mimi umeniuliza lini? Miti hiyo kaipanda marehemu baba yako, nami nikaimwagilia maji ya kufulia huku mimba yako iko tumboni. Ulinenepa kwa parachichi hizo, leo unaona inzi tu? Kama mikono inakuwasha, kata mlimau wa kando ya tangi, umekauka tangu mwaka juzi. Miparachichi nimeipaka chokaa mashinani, kama baba yako alivyokuwa akipaka mti asiotaka uguswe. Ndoo ulikuwa unamshikia wewe, kwa hiyo usijifanye hujui. Alhamisi naenda kliniki, fundi asije siku hiyo.

Mama yako

21 Machi

Wewe,

Hali yako siulizi. Simu zako nimezikata mara tisa, kwa hiyo soma.

Nimerudi kliniki nikakuta jua limeingia mpaka jikoni. Yote mitatu iko chini, parachichi changa zimetapakaa uani, hata kokwa hazijakomaa. Mlimau mkavu umesimama! Fundi anasema kote anakokata, mti wenye chokaa ndio wa kukatwa. Simlaumu, ya nyumba hii atayajulia wapi? Lakini anasema alikupigia kukuuliza kwanza. Ulimjibu nini?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Aliniuliza, "Nikate yenye chokaa?" Nikamwambia ndiyo. Nilijua maana yake, mama. Ndoo niliikumbuka vizuri. Ila wewe usingekubali, na sisi tumefukuzwa tulikopanga. Tangu Januari wanangu wanalala chini, sebuleni kwa watu. Niliona aibu kukuambia. Nisamehe. Matofali yanakuja Jumatatu.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Januari! Wajukuu wangu wanalala chini miezi mitatu, nami hapa nabishana juu ya miti? Ungeniambia, ningeushika huo msumeno kwa mikono yangu. Mti ni mti tu. Lakini hukusema. Uliona afadhali unidanganye mimi mama yako, umtume mgeni nikiwa kwenye foleni ya daktari. Hilo ndilo linaniuma, na usinitajie msamaha sasa hivi, sina.

Matofali nimeyarudisha. Chumba cha baba yako nimekifagia na kitanda nimekitandika. Walete watoto na mama yao Jumamosi. Wewe washushie mizigo getini, ugeuze gari.

Bibi yao