Kona ya Reli Sebuleni

Jumamosi, 5 Julai 2025
Mzigo wa kaka Evance umefika na basi kutoka Dar. Treni ndogo ya umeme, ya kuchezea, na vipande virefu vya reli unavyopinda kwa mkono. Kamnunulia Baba. Tangu tumzike Mama, miezi minne sasa, Baba yuko kwangu hapa Mugumu na haongei — anaitikia shikamoo tu. Miaka thelathini na moja alitandika reli kule Tabora. Huku hata honi ya treni hakuna. Kaliangalia boksi, karudi kitandani.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Sina zamu hospitali. Nimejaribu kupinda kipande kimoja mwenyewe — nimekiweka gotini kama kuni. Kikalia tak! Mataruma matatu ya plastiki, vile vibao vinavyoshika reli, yamekatika. Baba katoka chumbani kwa ule mlio. Kaninyang'anya. Kasema hivyo ndivyo watu wanavyoangusha mabehewa.
Kanionyesha. Unaanzia katikati, unapitisha vidole kuelekea nje, pole pole, mara nyingi. Reli ya ndani inachomoza mwishoni, maana njia yake ni fupi. Hapo ndipo unakata.
Maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

Jumatano, 9 Julai
Evance kapiga. Jumapili anakuja kumchukua Baba. Eti mimi nashinda kazini, mzee anakaa peke yake na kuta. Ni kweli. Nimesema sawa.
Baba sijamwambia.

Ijumaa, 11 Julai
Reli tumeitandika juu ya ubao sebuleni, na treni imeanguka kwenye kona. Mara nne. Baba kapiga magoti, kaitazama reli kwa jicho moja. Kasema hatujakosea kupinda, ubao ndio mwembamba. Kona imebanwa mno. Anataka futi mbili zaidi — yaani makochi yangu yatoke.
Akaniuliza, "Utaniruhusu, mama? Ni nyumba yako."
Nikasema ndiyo. Nilikuwa nakumbuka Jumapili, na bado nikasema ndiyo.
Jioni Sadick seremala kapima. Kanong'ona mlangoni kwamba mzee leo kamtania. Ubao ataleta kesho.

Jumapili, 13 Julai
Makochi yako barazani. Begi la Baba nimelifunga alfajiri, alipokuwa anaoga. Liko nyuma ya mlango wa chumba changu.
Kumwambia? Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili alinipa kazi. Vipande viwili viunganishwe vikiwa vimenyooka, ndipo vipindwe, la sivyo kiungo kinavunjika kiuno. Nikashika ncha, yeye akapitisha vidole. Kona pana safari hii. Nzuri.
Saa saba Evance kaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shikamoo Baba. Marahaba — bila kuinua kichwa. Kisha akamwambia, "Shika hapa. Dada yako mkono umechoka. Usiachie mpaka nigongee misumari."
Evance kanitazama. Mimi nikatazama ubao.
Kapiga magoti na suruali yake ya safari.
Naandika nikiwa jikoni, wali uko motoni. Nawasikia. Baba anamwambia kona ya pili itakula siku tatu, asiharakishe. Nyundo inagonga, inanyamaza, inagonga. Sasa Evance anauliza reli ya ndani wanaikatia wapi —