Gauni la Pazia la Nailoni

Mjukuu wangu Mueni,

Huku Machakos tu wazima, ila babu yako bado anakohoa. Umeniuliza kwa nini nimekataa kukushonea gauni la Halloween, usiku huo wa huko watoto wanapojivika kama wachawi na mizimu na kupita nyumba kwa nyumba.

Miaka ya sabini, nikisomea unesi hukohuko Birmingham, nilipanga chumba mtaa wa Hockley. Susan, binti wa mwenye nyumba, alikuwa na miaka saba, akataka kuvaa kama mchawi. Nikamshonea gauni kwa pazia la nailoni. Jioni ya Halloween aliinamia mshumaa uliowashwa mlangoni kama ilivyo desturi yao, gauni likashika moto. Nilimfunika kwa koti langu, lakini nilichelewa. Hakupona.

Mama yake aliniambia, “Ulimshonea kwa upendo.”

Nikamjibu, “Sikuufikiria mshumaa.”

Wewe vaa pamba, ubebe tochi. Mkirudi nyumbani, mama yako anipigie. Nitakuwa nimekaa karibu na simu.

Nyanya yako,
Ndinda