Kitone Juu ya Jina Lako

Bi Rehema, mke wangu, salamu nyingi, na joto la mjini usiliulize. Nakshi nshaijua, siku nne tu, mafundi wa fedha wa mtaa huu wa Malindi wanashangaa. Lakini siwaamini. Wananiazima tindo zao, wananipa kahawa na kashata, wananishika mkono nisikosee. Wema wote huu wa nini?

Jana nilimaliza kuchora jina lako kwenye bangili yako ya fedha, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, bila irabu. Asubuhi naikuta ina kitone juu ya re, imekuwa ze. Badala ya Rehema inasomeka Zahama! Nikauliza, "Nani kanihusudu?" Fundi mkubwa akasema, "Mzee, tindo imekuteleza. Au imeandika kweli?" Wakacheka wote. Mie mkono wangu hautelezi, wanijua. Wakataka kukisugua, nikakataa, wasije wakaipunguza fedha yako. Basi wakanionesha namna ya kukizungushia majani, nami nikakifanya ua la asumini, zuri kuliko yao.

Utaivaa bila wasiwasi. Zahama iko huku mjini na watu wake. Rehema yangu iko Uroa, Mungu anitunzie.

Mumeo, fundi