Jiwe la Kuzuia Mlango

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Mnada wa Samaki.
Jumapili, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Wifi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na bwana wako na watoto wote. Hujambo lakini? Na ule mguu umepona, au bado unachechemea na kuzisingizia ngazi? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za kichwa utanipa wewe ukimaliza kusoma.

Najua umekasirika kwa kimya chetu cha mwaka mzima. Watu wamekwambia tulitajirika tukakusahau. Kutajirika ni kweli, kwa miezi kadhaa. Kukusahau si kweli, nilikuwa naona aibu tu. Barua hii nimeianza mara nne na kila mara sijui nishike lipi niache lipi.

Acha nianze na jiwe lenyewe. Kaka yako alilitoa ndani ya wavu, donge la kijivu, kubwa kama kichwa cha mtoto, linanuka kama zizi. Alitaka kulitupa. Nikamwambia alilete, maana mlango wa jikoni ulikuwa unapigapiga kila upepo ukivuma. Likakaa pale siku arobaini. Watoto walilikalia wakimenya viazi, na mimi nikifagia nalisukuma kwa mguu.

Siku moja dereva wa lori la barafu aliingia kuomba maji ya kunywa. Akainama, akanusa, akaomba sindano. Akaipasha moto, akaidunga kwenye donge, likayeyuka kidogo na kutoa moshi wa harufu nzuri ambayo sijawahi kuinusa. "Mama," akasema, "huu mlango mmeuzuia kwa ambari." Ndiyo ile inayotoka tumboni mwa nyangumi, watengeneza manukato wanaigombania.

Yaliyofuata umeyasikia. Tulijenga vyumba vinne vya matofali, tukanunua jokofu na mashine mpya ya boti. Kaka yako alivaa viatu vya ngozi mpaka vikamtoa malengelenge, na bado hakukubali kuvivua. Nilicheka sana wiki zile. Nakwambia hivyo usije ukadhani sikufurahi.

Sasa hapa ndipo ninapopotea, wifi. Hatukuibiwa. Hakuwa mlevi, hakuongeza mke, hata kucheza karata hajui. Nimeitafuta siku ambayo mambo yalianza kwenda mrama na siioni. Ninachokumbuka ni asubuhi moja alisema leo haendi kuvua, anazunguka ufukweni kidogo, huenda lipo la pili. Nikamwambia nenda. Kesho yake akaenda tena, nikamfungashia na chakula.

Baadaye ufuko wetu ukawa hautoshi, akaanza kukodi watu wamtafutie mbali. Mashine ya boti ikauzwa kwa ajili ya safari hizo, jokofu likafuata, kisha mabati ya vyumba viwili. Nyavu zimetafunwa na panya. Mdogo wenu aliyekuwa akivua naye amehamia kwa wakwe zake. Anasema hawezi kwenda baharini na mtu anayetazama chini tu.

Ukiingia chumba cha watoto utashangaa. Kimejaa mawe, vipande vya mishumaa, sabuni zilizoganda, mabonge ya mafuta mazito ya meli, na kila kimoja kina tundu la sindano. Kutwa nzima anachoma na kunusa. Moshi ukizidi watoto wanakohoa, kwa hiyo wanalala na mimi jikoni.

Na mlango wa jikoni unapigapiga tena. Juzi nikachukua donge moja niuzuie, akaninyang'anya. "Hilo bado sijalipima," akasema. Nyumba ina mawe zaidi ya mia mbili, na sina hata moja la kuzuia mlango. Nilicheka, halafu nikajikuta nalia.

Si mkali, usimfikirie vibaya. Ananiambia kwa upole, "Vumilia kidogo, mama watoto. Lile si lilikuja lenyewe?" Na kweli lilikuja lenyewe. Angekuwa amepata wazimu ningejua pa kumpeleka. Lakini anaongea vizuri, anaoga, anawasalimu majirani, na mimi nimebaki sijui kati yetu ni nani ambaye haoni.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Mwisho wa mwezi huu kuna mtu anakuja kuchukua boti. Ndiyo hiyo hiyo aliyoiacha baba yenu. Kaka yako anataka kumlipa mpiga mbizi atafute chini ya maji. Boti ikiondoka hatuna tena cha kuvulia, na sijui wanangu watakula nini. Mimi hanisikii. Wewe ndiye dada yake mkubwa uliyembeba mgongoni. Mwandikie haraka, mkemee, mwambie boti ya baba haiuzwi. Nakupigia magoti, wifi.

Nisalimie bwana wako, binti yako fundi cherehani, na shangazi yule mwenye maneno mengi, mwambie nimeyatamani maneno yake. Watoto wa hapa wanakusalimu, na mdogo anauliza kama huko kwenu milango inatulia. Mungu akulinde na akupe usingizi mtulivu, mimi wangu umenihama.

Ni mimi nikupendaye, ingawa nilinyamaza,
Mama watoto wa kaka yako.

Tena: kabla hujamwandikia, fungua kile kitambaa kilichomo ndani ya bahasha. Ndani yake mna kipande cha donge nilichokiokota mwenyewe nilipokwenda ufukweni kuosha masufuria. Kaka yako hajakiona. Nilikificha nyuma ya ndoo, pale pale mlangoni, nikahesabu siku arobaini kamili kama lile la kwanza. Sindano niliipasha moto, mkono ukakataa. Mpelekee muuza manukato wa mtaani kwenu akipime. Kikiwa si kitu, mwandikie kaka yako kama nilivyokuomba. Kikiwa ndicho, usimwandikie. Mwache aiuze boti, huenda lipo la tatu.