Simu Zote za Saa Tatu

Jumatatu, 3 Februari 1975

Swichibodi, ubao wetu wa kuunganishia simu, imekwama tena. Kuanzia saa tatu hadi karibu saa nne unusu hakuna anayempata mtu. Zahanati ilitafuta gari la wagonjwa dakika arobaini! Mama wa watu akajifungulia mlangoni huko Itetemia. Salama, mtoto wa kike. Lakini Mzee Lugembe, mkuu wetu wa ofisi, amefura. Kasema mwendesha simu amezeeka, mikono imekuwa mizito. Kikao cha Jumamosi kitamhamishia stoo.

Bi Mwanamkuu! Miaka kumi na minne kwenye ubao ule. Ndiye aliyenipokea nilipotoka Ziba na sanduku langu la bati, akanipa chumba kwake. Hakuuliza dini wala kabila. Aliuliza, "Pilipili unakula?"

Fundi Saidi amesafisha waya zote. Hakuona kitu.

Jumanne, 4 Februari

Mzee Lugembe amepata dawa. Waraka, nami ndiye niliyeupiga chapa: kuanzia kesho, marufuku kuamkiana kwenye simu. Mpigaji aombe namba, aunganishwe, basi.

Kweli, makatibu wa vituo vyetu vya vijijini wanaamkia. Wa Usoke huanza na shikamoo, halafu nyumbani, halafu goti la Bi Mwanamkuu, halafu mvua. Naye hamkatizi mtu. Alisoma waraka, akavua miwani.

"Koleta mwanangu, nitamfungulia mtu mlango bila kumwambia karibu?"

Nikamchemshia chai.

Jumatano, 5 Februari

Balaa! Leo imekuwa mara mbili ya jana. Bi Mwanamkuu ametii. "Namba?" basi, kwa sauti kavu. Makatibu wakashtuka. Wa Usoke alimaliza, akakata, akapiga tena: kuna nini huko, nani kafariki? Wengine vivyo hivyo. Mzee Shilinde wa Ziba, aliyenijua tangu natambaa, aliniuliza kwa Kisukuma kama nyumbani kwa mama wa simu kuna msiba. Nikasema hakuna. Akasema, basi mbona sauti yake ni ya matanga?

Nimecheka hadi machozi. Kisha nikaogopa. Kama si salamu, watasema ni mikono yake.

Alhamisi, 6 Februari

Treni imeleta jogoo! Kutoka Usoke, miguu imefungwa kwa kamba ya kufungia tumbaku, na kikaratasi: "Pole kwa msiba, ingawa hutaki kutuambia." Bi Mwanamkuu kamfunga chini ya meza ya swichibodi. Kampa jina: Waraka.

Sasa niandike lile jingine.

Leo niliomba kukaa naye asubuhi, na daftari, niandike kila simu inayoingia. Josepha, mwenzangu wa ofisini, alinishikia meza. Saa mbili, shwari. Simu nne tu. Na mikono yake — kama ya msusi! Haina uzito wowote. Kwenye ubao kila laini ina kifuniko chake kidogo. Mtu akipiga, kinaanguka. Saa tatu kamili vikaanguka tap, tap, tap — tisa kwa mpigo. Vituo vyote tisa. Na vyote vinataka namba moja. Kumi na saba.

Kumi na saba ni meza yangu.

Taarifa za mahindi na mvua! Januari niliagizwa nipange ratiba. Nikaandika: vituo vyote, kila siku, saa tatu kamili. Nilipenda ilivyonyooka kwenye karatasi. Sasa mmoja akinisomea ekari zake, wanane wanangoja, kila mmoja kashikilia waya. Na waya zote ni tisa! Zahanati ipite wapi?

Si mikono. Si salamu. Ni mimi.

Nikamgeukia. "Bibi, ulijua?"

Alikuwa anamtupia jogoo punje za mtama. "Majaribio yako ya kazi yanaisha Machi," akasema. "Mimi stoo nitapumzika."

Mchana nikafanya jambo bila ruhusa ya mtu. Niliwapigia wote tisa, nikawagawia saa mbalimbali. Mzee Shilinde akashukuru Mungu. Kumbe kila siku alikuwa anaacha jembe shambani na kukimbia awahi saa tatu! Mbona hukusema, mzee? Akasema karatasi ilikuwa na muhuri.

Ijumaa, 7 Februari

Saa tatu, vifuniko viwili tu. Zahanati ilipata gari kabla Bi Mwanamkuu hajameza funda la chai. Nilitaka kumkumbatia mbele za watu.

Mzee Lugembe kapita, kasikiliza ukimya, katabasamu. Kasema waraka wake umefanya kazi; sasa bado kupata mikono ya kijana. Jina la Bi Mwanamkuu lipo kwenye ajenda, la tatu. Nimeipiga chapa mimi! Ningesema pale pale. Badala yake nikarudi kwenye mashine yangu ya chapa.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kikao. Magotini nina daftari la Alhamisi na ratiba ya Januari yenye jina langu chini. Nimetuma ujumbe ndani kwamba nina neno kabla ya ajenda ya tatu.

Bi Mwanamkuu alikasirika nilipomwambia asubuhi. Kwamba nina wadogo zangu Ziba wanaonitegemea; nina kichwa au nina boga? Kisha akaenda jikoni, akarudi na chapati mbili kwenye kitambaa. "Wakikufukuza, ule. Wakikuacha, ule."

Zimo mkobani. Bado za moto.

Wanamaliza ajenda ya pili. Kutoka mwisho wa korido namsikia kwenye swichibodi, sauti yake yote, kana kwamba hakuna waraka duniani: "Marahaba, baba! Nyumbani hawajambo? Na mvua?" Jogoo naye anawika.

Viti vinasogezwa. Mlango. Ni Mzee Lugembe mwenyewe, analitazama daftari.

Nitaanza na shikamoo, halafu ratiba yangu, halafu —