Milima ya Barafu Niliyoishona Ndani ya Koti

Mume wangu Sudi,

Ndiyo, nakuita mume bado. Bibi hamwachi mjukuu wake eti kwa sababu amekufa. Lakini nina hasira na we, na leo utanisikiliza.

Nani alikutuma kupenda milima isiyo na watu? Burundi yote ni vilima, na we ukachagua ile ya kusini kabisa mwa dunia, iliyozikwa kwenye barafu mpaka ncha tu zinatokeza kama meno ya mzee. Ukaichora mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wako wa Gashoho. Njia ya wale wazungu waliokwenda kuitafuta, kwa penseli nyekundu. Msalaba kila walipopiga kambi. Ukanisomea kwamba njaa iliwashika wakala mbwa wao. Nikakwambia, "Astaghfirullah, funga kitabu, niko nakula!" Ukacheka mpaka chai ikakutoka puani.

Asubuhi ya safari yako ya kurudi shuleni mvua ilikuwa inanyesha hapa Musinzira. Nikachukua karte yako, ile ramani uliyochora, nikaikunja, nikaishona ndani ya bitana ya koti, kama tunavyoshona hirizi. Isilowe. Mi nimeshonea nusu ya Gitega, uzi wangu hauonekani. Nikajisifu.

Dereva wa gari ulilopanda alinieleza yote. Kwenye bariyeri, pale wenye bunduki walipofunga barabara kabla ya Gashoho, walipapasa koti, karatasi ikalia. Wakachana. Vita iko kila kilima, na we umeficha milima na kambi nguoni! "Kilima gani hiki? Kambi za nani hizi?" Na we, mjinga mwenye diploma, hukulia, hukupiga magoti. Ukaanza kuwafundisha. Barafu, upepo, giza la miezi. Wakaona unawacheka. Wakakupeleka nyuma ya mikaratusi.

Koti lilirudi. Kitambaa kimechanika, mshono wangu mzima. Hata kisu chao hakikuuweza.

Mama yako, kule Gasorwe, anadhani karte uliificha mwenyewe. Anawalaani wale wa bariyeri, halafu anakulaani na we kwa upumbavu wako. Na mi mama yake, kwenye matanga, nilikaa pale naitikia amina. Amina gani hiyo, Sudi?

Basi kwaheri, mwanangu. Mungu akulaze pasipo na maswali. Ijumaa napanda gari kwenda Muyinga, mpaka Gasorwe, nimwambie binti yangu kwamba mkono ulioificha ni huu. Akinifungia mlango, nitakaa nje mpaka afungue, au wanizike hapo.

Bibi yako,
Zaituni